Kazi, Shughuli na Ridhaa: Juu ya Lugha ya Miradi ya Wanafunzi wa Tiba kwa Watu Wasio na Makazi, Kashai, Bukoba

Miaka michache iliyopita nililetewa karatasi mbili zilizopigwa chapa, nizisome na kusahihisha Kiswahili chake. Walioniletea walikuwa wanafunzi watatu wa taaluma ya tiba ambayo jina lake ni sehemu ya mjadala wa makala haya. Chuo chao, ambacho hakuna haja ya kukitaja, kiliwataka wafanye mradi wa majuma manane katika kata ya Kashai, Manispaa ya Bukoba, pamoja na watu wasio na makazi. Karatasi ya kwanza ilikuwa maelezo ya mradi. Ya pili ilikuwa fomu ya ridhaa. Nilidhani kazi hiyo itanichukua nusu saa. Ilinichukua juma zima, na mwisho wake nilifuatana nao hadi Kashai kwa siku chache, maana niliona ya kwamba makosa yaliyokuwamo katika karatasi zile hayakuwa ya sarufi.

Nia yangu hapa ni kueleza makosa hayo yalikuwa nini. Wasomaji wa jarida hili wamezoea mijadala ya istilahi ambayo hatari yake kubwa ni wataalamu wawili kutopatana juu ya kamusi. Hatari ninayoieleza ni ya namna nyingine. Mtu aliyelala barazani pa duka usiku wa mvua, na Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, aweza asubuhi yake kutia dole gumba chini ya neno asilolijua, au analolijua kwa maana nyingine kabisa.

Yafaa kwanza kuieleza taaluma yenyewe, kwa kuwa wengi wetu tulio wa lugha hatuijui. Ilipata chama chake cha kwanza nchini Marekani mwaka 1917, na Shirikisho lake la Dunia liliundwa mwaka 1952. Msingi wake ni dai moja: kwamba mambo anayoyafanya mtu siku hata siku, kama kuoga, kupika, kulima, kucheza bao, kwenda ibadani, kuuza ndizi na kulea mtoto, si matokeo ya afya tu bali ni chanzo chake pia. Mtu aliyezuiwa kuyafanya, ama kwa ugonjwa, ama kwa ulemavu, ama kwa hali ya maisha, aweza kusaidiwa kuyarudia kwa kufundishwa njia nyingine au kwa kugeuzwa mahali na vyombo anavyotumia. Hapa Tanzania elimu hii hufundishwa KCMC, Moshi. Kwa jirani zetu hufundishwa Nairobi, na Mulago mjini Kampala.

Shirikisho la Dunia lataka kila mwanafunzi apate saa zisizopungua 1,000 za mazoezi kabla ya kuhitimu. Nafasi za hospitalini hazitoshi, na kwa sababu hiyo, na kwa nyingine zilizo njema zaidi, vyuo katika nchi nyingi vimeanza kuwapeleka wanafunzi mahali pasipokuwa na mtaalamu hata mmoja wa fani hii: magerezani, shuleni, katika kambi za wakimbizi, na kwa watu wanaolala nje. Msimamizi huja mara moja moja, au husikika kwa simu. Msomaji aliye makini ameshaona mahali tatizo la maadili linapoanzia. Saa 1,000 ni hitaji la mwanafunzi. Mtu asiye na makazi hakuziomba, anaombwa azitoe.

Sasa tuje kwenye jina. Nimesikia watu wakiiita taaluma hii tiba kazi, wengine tiba kwa vitendo, wengine tiba ya shughuli. Karatasi za wanafunzi wangu zilisema tiba kazi. Neno la Kiingereza lililo shina la jina hili lina maana mbili zinazokaa pamoja: ajira ya mtu, na jambo lolote linaloujaza wakati wake. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kushika na kutwaa, ndiyo sababu Waingereza hulitumia neno hilo hilo kwa jeshi lililoiteka nchi. Mfasiri aliyechagua kazi alishika maana ya kwanza akaiacha ya pili. Katika wodi ya hospitali kosa hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa mgonjwa aliyevunjika mkono ataona kwa macho yake kwamba anafundishwa kufunga vifungo vya shati. Lakini Kashai, mbele ya mtu anayelala nje, neno kazi halifiki peke yake. Lafika na historia yake.

Historia hiyo ni ndefu kuliko umri wa wanafunzi wetu. Vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu, tulivyovirithi kutoka kwa utawala wa Kiingereza, viliwataja wazembe na wazururaji kuwa wahalifu, si kwa tendo walilolitenda bali kwa hali waliyokutwa nayo. Na mizizi ya vifungu hivyo ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1824. Baada ya Uhuru, kazi likawa neno la heshima ya taifa, na ilikuwa haki liwe hivyo. Lakini mwaka 1983, ilipotungwa sheria iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi, watu waliokutwa mijini bila kitambulisho cha kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini na mashambani. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji za namna hii hazipatani na Mkataba wa Afrika. Maoni hayo yalisomwa na wanasheria. Barazani Kashai kumbukumbu iliyobaki ni ile ya gari.

Kwa hiyo sikushangaa siku ya kwanza, mwanafunzi mmoja alipomaliza kusoma maelezo yake kwa sauti nzuri na ya adabu, mzee aliyekuwa akimsikiliza alipomwuliza: "Binti yangu, mmeniletea kazi, au mmekuja kunipeleka kazini?"

Naomba msomaji alitazame swali hilo kama data ya lugha, maana ni safi mno. Mzee aliigawa tiba kazi katika maana mbili ambazo neno kazi laweza kumletea mtu wa hali yake: ajira, ambayo angeipokea kwa furaha, au shuruti, ambayo alikuwa tayari kuikimbia. Maana ya tatu, ile iliyokusudiwa na taaluma, haikuwamo katika Kiswahili alichosomewa. Mwanafunzi alijibu kwamba si hili wala si lile. Mzee akasema, "Basi sawa, mwanangu," na mwanafunzi akaandika kwamba mshiriki ameelewa.

(Msomaji atanisamehe nisipotaja jina la mzee huyo, umri wake, alikotoka, wala baraza alilolala. Kashai si kubwa kiasi hicho, na tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ingawa adabu ilikuwapo kabla yake.)

Mmoja wa wanafunzi alinikumbusha methali isemayo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alidhani imemwunga mkono: kumpa mtu kazi ni jambo la asili kwetu. Methali hiyo ni kongwe, na Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza maana ya ujamaa. Lakini tuihesabu vizuri. Jembe huja siku ya tatu. Kabla yake zimepita siku mbili za kula, kulala ndani na kutoulizwa kitu. Na anayekabidhiwa jembe hukabidhiwa na mwenye nyumba, katika shamba ambalo jioni yake yeye mwenyewe atakula mazao yake. Jembe ni alama kwamba sasa amekuwa wa nyumba ile. Mradi unaomwendea mtu asiye na nyumba na kumpa jembe siku ya kwanza, kisha ukaondoka na shamba, umeigeuza methali juu chini.

Historia ya tiba ya akili nchini ina mfano ulio karibu na jambo hili. Baada ya Uhuru vilianzishwa vijiji vya kilimo kwa ajili ya wagonjwa wa akili, kama kile cha Vikuruti karibu na Dar es Salaam, na humo jembe lilihesabiwa kuwa sehemu ya dawa. Fikra hiyo haikuwa mbaya, na wako waliopona nayo. Tofauti kati ya jembe lililo tiba na jembe lililo malipo ya chakula haionekani kwa kulitazama jembe. Huonekana kwa kuuliza ni nani mwenye ruhusa ya kulitua.

Katika majina matatu niliyoyataja, mimi napendelea shughuli. Tiba kwa vitendo ni bora kuliko tiba kazi, lakini vitendo kwetu husimama daima kinyume cha maneno au nadharia, na msikilizaji hudhani ni tiba ya kuonyeshwa badala ya kuelezwa. Shughuli lina upana ule ule wa neno la Kiingereza, na pengine laupita. Limetoka katika Kiarabu, likazaa shughulika na shughulisha, likabeba mahangaiko na pilikapilika, na huko pwani likabeba hata sherehe: mtu aliyealikwa arusini amekwenda shughulini. Lina mambo ya lazima na ya furaha pamoja, wala halimwulizi mtu ameajiriwa na nani. Nilipolitumia mbele ya yule mzee, alicheka akasema kwamba shughuli anazo nyingi kuliko meneja wa benki.

Naye alisema kweli. Kabla ya mapambazuko alikuwa amefagia mbele ya maduka mawili. Alijua ni nani anayefungua saa ngapi, upepo wa ziwani huiingiza mvua katika baraza zipi, na maji ya Mto Kanoni yakipanda ni njia ipi inayofungika kwanza. Majira ya senene alijua pa kusimama. Sipendi kuyaeleza haya kwa namna ya kuyapamba; maisha yake yalikuwa magumu na mguu wake mmoja ulikuwa na kidonda kisichopona. Nasema tu kwamba fomu ilikuwa na sehemu iliyoandikwa "Shughuli za mshiriki kwa sasa", na mwanafunzi alikuwa ameijaza kwa neno moja: Hana.

Majina ya watu wenyewe yana mambo mengi zaidi ya kueleza. Kwa Kiingereza cha leo lipo neno moja kwa mtu asiye na makazi, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1977 ililipa fasili pana: hata aliye na paa juu ya kichwa chake aweza kuhesabiwa hana makazi ikiwa hana haki ya kukaa chini ya paa lile. Nilipokuwa huko nikisomea shahada yangu, nilipita kila asubuhi mbele ya watu waliolala karibu na stesheni ya reli, na nikaona kwamba neno lao, ijapokuwa baridi, angalau halimshitaki mtu. Sisi tunayo maneno mengi, na karibu yote yanashitaki au yanahurumia. Tunasema mzururaji, ombaomba, mhuni, chokoraa, mkiwa, fukara, mtu wa mitaani, asiyejiweza.

Tazama jinsi sarufi inavyofanya kazi ya hakimu. Mzururaji lina kiambishi tamati -ji, kile cha mchezaji na mwindaji: ni mtu afanyaye jambo kwa mazoea na kwa kutaka. Lugha imeshaamua kwamba kulala nje ni tabia yake. Mhuni lilikuwa na maana ya mtu asiyetulia mahali pamoja, asiye na mke wala mji, kabla halijafikia maana ya leo ya mtu mwovu. Yaani kukosa makao kuligeuka kukosa maadili ndani ya neno lile lile, wala hakuna aliyeitisha mkutano wa kuamua hivyo. Wasiojiweza, jina ambalo kwa miaka mingi liliandikwa juu ya makao ya serikali kama Nunge, Dar es Salaam, na Fungafunga, Morogoro, halimlaumu mtu, lakini limekanusha kitenzi kuweza na kukirudisha juu ya mwenyewe kwa -ji- ya kujirejea. Tiba ambayo msingi wake wote ni kwamba mtu anaweza, yawezaje kumwita mgonjwa wake asiyejiweza?

Bukoba ilipata mfano wa ajabu wa jambo hili. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 liliupiga Mkoa wa Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba nyingi mjini na vijijini. Usiku ule na siku zilizofuata, familia zilizokuwa na nyumba zao zililala nje, chini ya maturubai na mahema. Hakuna aliyewaita wazururaji. Waliitwa waathirika. Neno hilo limejengwa kwa -ik-, kiambishi cha hali: jambo limewafika, wao hawakulitenda. Kulala nje kulikuwa kule kule, mvua ile ile, na pengine baraza ile ile. Kilichobadilika ni kiambishi. Najua mtu ataniambia kwamba sababu ndiyo iliyotofautiana, kwamba hawa walipatwa na tetemeko. Ni kweli, ila waliolala pale kabla ya tarehe 10 Septemba nao walipatwa na mambo, isipokuwa hayakutokea siku moja wala hayakupimwa kwa chombo.

Mambo hayo katika mkoa huu yana sura yake. Kwa Wahaya, makao ni kibanja, yaani shamba la migomba lenye nyumba katikati na makaburi ya wazee ndani yake. Mtu hawi wa mahali kwa kukaa pale tu bali kwa kuwa na sehemu katika kibanja cha ukoo. Anayekipoteza hupoteza zaidi ya ekari. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata vifo vilivyopita mkoani viliacha wajane na yatima wengi ambao haki yao juu ya kibanja ilibishaniwa na wakwe na jamaa wa ukoo. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 hazikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Mwaka 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory lililotoka mkoani humu, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba ubaguzi huo unapingana na Katiba. Hukumu ile ni maarufu, na ilistahili kuwa hivyo. Lakini si kila mjane aliyetolewa kibanjani alifika Mwanza. Wengine walifika mjini Bukoba tu.

Hapo lugha yetu ina chombo ambacho wanafunzi hawakukitumia. Kiswahili husema nyumbani, lakini husema pia kwetu, kwenu, kwao: kiwakilishi cha kumiliki chenye kiambishi cha mahali, kisichotaja jengo lolote. Mtu aweza kuwa na nyumba mjini na kwao kuwe kwingine; aweza kuwa hana nyumba popote na bado ana kwao. Asiye na makazi na asiye na kwao ni watu wawili tofauti, na msaada wanaouhitaji ni tofauti. Kwa mwanafunzi wa tiba swali hili ni la thamani kubwa kuliko orodha nzima ya fomu yake.

Lakini ni swali la hatari. Fomu ilianza hivi: Jina. Umri. Kabila. Kwenu ni wapi? Yeyote aliyekuwa Kagera mwezi Septemba 2013 ajua kwa nini watu walinyamaza. Wakati huo Operesheni Kimbunga iliwaondoa mkoani, na katika mikoa ya Kigoma na Geita, watu kwa maelfu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu, na miongoni mwao walikuwamo waliokaa nchini kwa miongo kadhaa. Tangu hapo "kwenu ni wapi?" likitoka kinywani mwa mgeni mwenye karatasi na kalamu si maamkizi tena. Nilishauri safu zile zifutwe kabisa. Wanafunzi waliogopa kwamba chuo kitawapunguzia alama. Niliwaambia kwamba habari isiyokusanywa haiwezi kuibiwa, wala kuitishwa na mkubwa yeyote, na kwamba mtu akitaka kusema kwao atasema siku yake.

Ikawa hivyo. Mmoja wa wanafunzi, mzaliwa wa Muleba, alikuwa na desturi ya kuwaamkia wazee kwa Kihaya na kumalizia na neno waitu. Ni neno la heshima litumiwalo kila siku, na wasemaji wenyewe huenda hawalichambui. Lakini ukilitazama ni lile lile la kwetu: waitu ni wetu, mtu wa kwetu. Sidai kwamba neno moja lilifungua milango. Nasema tu kwamba katika juma la tatu mzee mmoja alimweleza kijana yule habari za kwao kwa saa nzima, na kijana hakuandika kitu.

Nije sasa kwenye ridhaa yenyewe. Fomu zetu huchanganya maneno mawili, idhini na ridhaa, kana kwamba ni mapacha. Siyo. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka: mzazi, mume, ofisa mtendaji wa kata. Ridhaa ni kuridhika, ni hali ya moyo, na moyo huweza kuacha kuridhika. Wanafunzi walikuwa na idhini zote walizohitaji, zenye mihuri. Walikuja kutafuta ridhaa kwa njia ile ile ya kutafuta idhini, yaani saini moja inayodumu hadi mwisho. Na fomu iliandikwa kwa nafsi ya kwanza: "Mimi niliyetia saini hapa chini nimeelezwa, nimeelewa na nimekubali kwa hiari yangu." Huyo Mimi ni nani? Sentensi ilitungwa na mhadhiri mjini, ikapigwa chapa na karani, ikasomwa na mwanafunzi. Yule ambaye nafsi hiyo ni yake ndiye pekee ambaye hakuitunga.

Zaidi ya hayo, adabu ya Kiswahili hairuhusu kukataa waziwazi mbele ya mgeni aliyekuja kwa heshima, sembuse mgeni aliyesoma. Kukataa kwetu kuna sarufi yake: tutaona, njooni kesho, Mungu akijalia, haya, sawa. Mzawa wa lugha anayasikia maneno haya barabara anapotaka kuazima baiskeli ya jirani, na hurudi nyumbani bila kinyongo. Lakini akishavaa koti jeupe husikia "sawa" akaandika amekubali. Niliketi na wanafunzi jioni moja tukayapitia maelezo yao ya siku mbili. Kati ya watu tisa waliohesabiwa wamekubali, watano walikuwa wamekataa kwa Kiswahili kizuri kabisa.

Maelezo ya mradi yalisema pia kwamba "washiriki watapewa chai". Walikusudia chai ya kunywa, na mkate. Niliwauliza kama wamesahau maana nyingine ya kumpa mtu chai ili akubali jambo. Walicheka, lakini swali liko pale pale hata ukiondoa mzaha. Mtu mwenye njaa anayepewa mkate kabla ya kuulizwa hana jibu ila moja. Tuliamua chai inywewe na wote, aliyekubali na aliyekataa, na fomu isiwepo mezani.

Juu ya mradi na mlengwa nitasema machache. Mlengwa ni mtu aliyelengwa, kama ndege. Mradi asili yake ni Kiarabu, jambo lililotakwa, na sharti tuulize limetakwa na nani. Lakini neno hilo kwetu ni kiunganishi pia, na nimeiona miradi ya wanafunzi iliyokuwa ilimradi tu.

Mradi wenyewe ulivyopangwa ulikuwa wa kufundisha kutengeneza sabuni ya maji. Hakuna mtu Kashai aliyeomba sabuni. Walipoacha kusoma karatasi na kuanza kukaa, walisikia jambo ambalo halikuwa katika mpango wowote: yule mzee hakuweza kubeba mikungu ya ndizi sokoni kwa ujira kwa sababu mikono yake haikuwa mitupu. Alitembea siku nzima na furushi lake, blanketi, sufuria, karatasi za zahanati, maana akiliacha huibiwa au hutupwa. Alichotaka ni mahali pa kuliweka kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwenye duka mmoja alikubali sanduku likae ndani ya uzio wake, fundi akalitengeneza kwa mbao, kufuli ilinunuliwa. Wataalamu wa fani hii watatambua kwamba huko kugeuza mahali ili mtu aweze kufanya shughuli zake ni kiini cha tiba yao. Karatasi ya kutahini ya chuo haikuwa na safu ya sanduku.

Tulibishana sana juu ya ufunguo. Mwanafunzi mmoja alitaka wa pili ubaki kwake, kwa usalama. Nilimwuliza utakuwa wapi juma la tisa. Chuo kikifungua muhula mpya wao wangekuwa wamekwenda, na watakaofuata, kama wangekuwapo, wangekuja na karatasi mpya na majina mapya ya kujifunza. Mwisho wa mradi ulikuwa haujatajwa mahali popote katika fomu. Tukauandika katika sentensi ya kwanza, kwamba sisi ni wanafunzi, tumekuja kujifunza kwako, tutakaa majuma manane, kisha tutaondoka. Wanafunzi waliona sentensi hiyo ni kali. Wazee waliosomewa waliitikia kwa vichwa, na mmoja aliomba irudiwe. Funguo zote mbili alipewa mwenye sanduku, na ya pili aliifunga kwenye uzi shingoni.

Siku yangu ya mwisho huko nilifuatana na mwanafunzi yule wa kwanza, aliyeulizwa juu ya kazi. Tulimkuta mzee amejifunga kitambaa kichwani, mkungu begani, akivuka barabara kuelekea sokoni. Mwanafunzi alimwamkia, akamkumbusha kwamba walikuwa wamepatana wazungumze asubuhi hiyo. Mzee hakusimama. "Leo nina shughuli, mwanangu," alisema. Mwanafunzi alifungua daftari mahali palipoandikwa Sababu ya kutoshiriki, akashika kalamu, kisha akalifunga bila kuandika, tukarudi kunywa chai.